Sukari ya Mtwara Ilivyojazia Mgao wa Watu wa Nje

Juzi kijana mmoja wa ofisi ya biashara, mtoto mwenye adabu, shati limepigwa pasi, alinieleza kwamba siku hizi migao ya bidhaa kati ya nchi na nchi hupangwa kitaalamu. Nilimwomba alirudie hilo neno. Akalirudia. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele barazani. Aliinuka na ungo wake akaingia ndani, maana anajua huwa nafika wapi nikianza.

Basi haya ni yenu, nyinyi mnaoingia kazini sasa. Mimi nilifanya kazi ya sukari tangu nchi ikiwa changa. Sikulima muwa wala sikuwa na duka. Nilitunza sukari kwenye maghala ya Mtwara, na kwa muda mfupi nilikaa karibu na meza ambako sukari ya dunia hugawanywa. Kati ya kazi hizo mbili, ya ghala ndiyo ya heshima.

Kwenye ghala nilifundishwa na Athumani Mkwela, msimamizi wa makuli wa bandari, Mmakua mrefu asiyependa kurudia jambo. Mimi nilikuwa karani mpya, Kiswahili changu kikivutwa na Kimakonde mpaka wenzangu waliotoka Bara wakawa wananicheka. Athumani hakunicheka. Alinipeleka mbele ya rundo la magunia akaniambia sukari hunywa chochote kilicho jirani yake, maji, moshi, harufu, kwa hiyo kazi yangu ni kuichagulia majirani. Ilale juu ya mbao, isiguse sakafu. Isiegemee ukuta. Katikati ya marundo pawe na njia ya kupita mtu, kwa sababu anapopita mtu na hewa inapita. Na unapochoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli, choma chini, usichome juu. Maji huanzia chini, na mwizi pia hutoboa chini.

Hayo mnaweza kuyatumia hata leo. Mkitaka kujua mtu asiyeyafuata hupata nini, ulizeni Newala. Tuliwahi kuletewa mkuu wa ghala kutoka nyanda za juu, mtu mwema, ambaye hakuwa amewahi kukutana na ng'onda maishani mwake. Nafasi ilipobana akaamuru mizigo ya samaki wale wakavu ipangwe bega kwa bega na sukari. Athumani alimweleza, naye akajibu kwamba magunia yamefungwa. Mwezi ule Newala nzima ilikunywa chai yenye ladha ya mchuzi. Imamu mmoja wa huko alitutumia salamu kwamba wanashukuru, ila safari ijayo tuwapelekee na ndimu na pilipili.

Nilicheka sana miaka ile. Kicheko kilipungua baadaye, nilipojua sukari inakotokea na inakokwenda.

Aliyenitoa ghalani ni Ndugu Kaaya, Mmeru aliyekuwa kiongozi wa kitengo cha sukari katika shirika letu la serikali, makao makuu Dar es Salaam. Alikuja Mtwara kukagua, akakuta sukari yetu haipotei wala hailowi, akauliza maswali mengi na kusikiliza majibu mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawakuliweza. Hakikupita kipindi kirefu akaniita Dar. Kulikuwa na nchi moja tajiri ng'ambo ambayo serikali yake ilikuwa inapanga upya nani aiuzie sukari na kwa kiasi gani, na sisi tulitaka kuingia. Kaaya alihitaji mtu wa kuthibitisha kwamba tunaweza kuhifadhi mzigo na kuupakia bila kuuharibu. Nikapanda ndege kwa mara ya kwanza, nimevaa koti la kuazima lililonibana kwapani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye hicho kiitwacho utaalamu. Serikali ya nchi ile ilikuwa inakadiria watu wake watakula sukari kiasi gani kwa mwaka. Kwanza inatoa fungu la wakulima wake yenyewe, kwa sababu na wao wana mashamba yao. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa nchi za nje, kila nchi na fungu lake. Ukiwa ndani ya mgao unalipwa bei nzuri na ya uhakika. Ukiwa nje, unapeleka sukari yako kwenye soko la wazi, ambako miaka mingine bei haikurudishii hata mafuta ya trekta. Kwa hiyo mgao ulikuwa riziki ya nchi nzima, na nchi zilikuwa zinasongamana kwenye korido za jengo lile kama wagonjwa kwenye zahanati yenye daktari mmoja.

Fungu lako lilipimwaje? Walitazama uliwauzia kiasi gani miaka ya nyuma. Aliyeuza sana zamani apewe sana, aliyeuza kidogo apewe kidogo, na ambaye hakuuza asubiri. Baada ya hapo walitazama urafiki. Palikuwa na nchi moja iliyogombana na mnunuzi, ikafutiwa fungu lake lote, na fungu lile likagawiwa majirani zake kabla hata ugomvi haujapoa. Nchi nyingine zilikuwa na mawakili wa kukodi pale mjini, watu wa kula chakula cha mchana na wabunge na kukumbuka majina ya watoto wao. Sisi tulikuwa na Kaaya, na mimi, na koti langu.

Na lilikuwapo sharti la mwisho, ambalo ndilo lililokuja kutuumiza. Nchi ikishindwa kuleta fungu lake lote mwaka mmoja, kilichopungua wanapewa wengine, na mwaka unaofuata hesabu yako inaanzia pale ulipoishia. Ukiteleza mara moja, hupandi tena.

Tuliitwa ndani mchana. Ofisa aliyetupokea alikuwa mpole, na upole wake ulinikera kuliko ukali. Alitueleza kwamba nchi yetu ni changa katika sukari, na kwamba katika miaka wanayoitumia kupimia hatukuwauzia karibu chochote.

Kaaya alimwambia, "Miaka hiyo tulikuwa tunatawaliwa. Waliotutawala ndio waliochagua nani alime miwa na nani alime katani. Sasa mnatupima kwa uchaguzi wao."

Yule bwana alijibu kwamba takwimu hazina siasa.

"Hazina," alisema Kaaya, "ila yule mliyegombana naye takwimu zake ziliyeyuka."

Ofisa alitabasamu, akafunga jalada. Tulipewa mgao mdogo kiasi kwamba makuli wa Athumani wangeumaliza bila kutoka jasho la maana. Kaaya aliupokea kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi aliniambia kwamba mlango umefunguka upana wa kidole, na kazi yetu sasa ni kuzuia usifungwe. Nilimwamini. Niliporudi nilitembea bandarini Mtwara kifua mbele, kama mtu aliyeleta kitu.

Shirika likanipa usimamizi wa sukari ya Kusini yote, ndipo watu wakaanza kuniita Bwana Sukari. Nikaketi kwenye kiti, nikauliza mgao wa mkoa wetu unapimwaje kule Dar. Nikajibiwa kwamba wanatazama mkoa ulitumia kiasi gani miaka ya nyuma.

Mnaona? Miaka ya nyuma. Miaka ambayo mvua ikinyesha barabara ya Kusini ilikuwa inazama, malori yanalala Rufiji, na sukari ikifika imebaki ya kulamba. Watu wetu walikunywa chai bila sukari kwa sababu sukari haikufika, na huko Dar ikaandikwa kwamba watu wa Kusini si watumiaji wakubwa wa sukari. Tena ilikuwa miaka ya vita ng'ambo ya Ruvuma. Akina mama walikuwa wanavuka mto na watoto mgongoni, wanapokelewa vijijini kwetu na kwenye makambi, na wao hawakuwamo katika hesabu yoyote. Nilipiga simu kulalamika mpaka wasichana wa mitambo wakaijua sauti yangu.

Nje ya geti la bandari palikuwa na kibanda cha chai cha Bi Somoe, mjane aliyetoka Nanyamba baada ya mumewe kufariki. Alikuwa na watoto wanaosoma, na chai yake ya tangawizi pamoja na vitumbua ndivyo vilivyokuwa vinawasomesha. Makuli walianza siku pale, na makarani pia, na hata mabaharia wa Kigiriki waliokuwa hawajui neno lolote la Kiswahili isipokuwa "Somoe." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akikasirika alikuwa anafuta meza.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Miwa ilidumaa kwenye mashamba yote ya nchi, na viwanda vikasaga kidogo. Ilipofika zamu ya kupeleka mgao wetu kwa mnunuzi, sukari haikutosha. Meli ya kigeni ilipakia iliyokuwapo Dar es Salaam, ikabaki na nafasi tumboni. Hapo ndipo Kaaya aliponipigia simu. Alisema meli inakuja Mtwara, nitoe sukari iliyomo ghalani ikajazie.

Sukari ile ilikuwa ya mkoa. Ilikuwa imefika siku chache tu nyuma, nami nilikuwa nimekwisha kuwatangazia wenye maduka, kuanzia Mikindani mpaka Newala, waje wachukue kwa ajili ya Ramadhani iliyokuwa inakaribia.

Nilikataa. Nilimwambia sitafungua ghala. Kaaya hakubishana nami kwenye simu. Alipanda ndege akaja mwenyewe.

Tulisimama ndani ya ghala, kwenye ile njia ya katikati ya marundo, mimi na yeye na Athumani. Kaaya alikuwa amekonda. Alieleza polepole kwamba tukipungukiwa mwaka huu, mgao wetu utakatwa na wenye mawakili wataumeza, na hatutaupata tena sisi wala watoto wetu. Fedha zile za kigeni ndizo zinazonunua dawa na vipuri vya viwanda. Alisema anajua anachokiomba.

Athumani aliuliza, "Nnauliza tu, Ndugu. Hiyo nchi, yenyewe haina sukari?"

Kaaya akasema wanayo. Wanalima yao wenyewe na wananunua kwa wengi.

"Kwa hiyo hii yetu isipokwenda, watakosa?"

"Hawatakosa. Hawatajua hata kama haipo."

Athumani aliweka kiganja juu ya gunia. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nilimwambia Kaaya maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake wa kazi, na leo ningeyasema tena.

Nilimwambia, "Kule ng'ambo ulikasirika kwa sababu walikupima kwa miaka ambayo hukuwa na uwezo. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, nikajivunia hasira yako. Sasa wewe na wenzako mnatupima sisi kwa miaka ambayo malori hayakufika. Mmetupa kidogo kwa kipimo kilekile, na hicho kidogo mmekuja kukichukua mkampe yuleyule bwana mpole."

Kaaya alitazama chini. Akasema, "Kweli. Na nitaichukua."

Habari ilikuwa imeshatoka nje. Tulipofika getini, wanawake walikuwa wamesimama pale, si wengi, hawapigi kelele. Bi Somoe alitukaribisha kibandani kwa heshima zote, mimi, Kaaya na ofisa wa mkoa aliyefuatana naye. Alipanga vikombe, akamimina chai ya tangawizi. Kaaya alikunywa funda moja, akasita. Ilikuwa na chumvi.

Bi Somoe alisema, "Kunyweni, wageni wangu. Ndiyo tutakayofuturia."

Alisimama pale akifuta meza iliyokuwa safi. Yule ofisa wa mkoa aliweka kikombe chini. Kaaya alikunywa chake mpaka kikaisha. Sijui alikuwa anajiadhibu au anaomba radhi. Alipomaliza aliniita pembeni, akasema nitenge sukari ya hospitali na ya makambi ya waliovuka mto, isiguswe, na lawama ikija ataibeba yeye. Hicho ndicho nilichokipata. Nilipigania ghala zima nikapata kona.

Makuli walipakia. Mnaweza kuuliza kwa nini hawakugoma, na mimi nimejiuliza. Athumani aliwakusanya akawaeleza yote, mgao, mnunuzi, ukame, bila kuficha wala kupamba. Akasema serikali ni yao na wakubwa hawa wametumwa, na kwamba asiyetaka kubeba aende nyumbani, hatatajwa. Baadhi walikwenda. Waliobaki walibeba bila kuimba. Nilikuwa nimezoea nyimbo zao tangu nilipoajiriwa, za Kimakua, za Kiyao, nyingine za kututukana sisi makarani kwa mafumbo. Siku ile ulisikia winchi tu na miguu.

Meli iliondoka na sukari yetu, ikenda kwa watu ambao hawakuwa na haja nayo.

Ramadhani ile watu walikunywa uji wa muhogo wa chumvi, na wenye jamaa mashambani wakatafuta asali. Walanguzi walipata chao. Nami nilikuwa nikipita mjini watu wananiitikia salamu kwa adabu, ila hawasimami. Bi Somoe alijaribu kuendesha kibanda kwa kahawa chungu. Haikulipa. Baada ya Idi alivunja kibanda chake, akafunga mabati, akarudi Nanyamba kwenye mikorosho ya wazazi wake. Mtoto wake wa kwanza aliacha shule mwaka uleule. Hilo nalisema ili mjue mgao unaishia wapi. Kule juu ni mistari kwenye karatasi za watu wapole. Huku chini ni msichana aliyekuwa wa pili darasani, anaokota korosho.

Na bado sijafika kwenye linaloniamsha usiku.

Haikuchukua muda mrefu, bei ya sukari ikapanda dunia nzima, ikapanda kupita walivyozoea hata wazee wa biashara. Serikali ya nchi ile tajiri ikaona migao haiisaidii tena. Wakaufuta mpango mzima. Wakaacha tu muda wake uishe, kama mtu anavyoacha taa izimike kwa kukosa mafuta. Mgao wetu, ule mlango wa upana wa kidole, ule ambao kwa ajili yake tulifungua ghala la mkoa mbele ya macho ya wenye njaa ya chai, ukawa haupo. Nilisikia kwenye redio nikiwa ofisini, habari fupi, baada yake ikaja ya kilimo cha pamba.

Nilimpigia Kaaya. Naye alikuwa ameisikia redioni. Kisha akaniambia kwamba kuna kikao cha mgao wa mikoa kinakuja Dar, na kwamba ataweka jina langu niseme.

Nilikwenda. Sikuvaa koti. Niliwaeleza wakubwa wale habari ya malori yaliyolala Rufiji, na habari ya wanawake wanaovuka mto. Niliwauliza kama kuna yeyote kati yao angekubali mwanawe alishwe kwa kipimo cha siku alizougua. Mmoja alisema natumia jazba. Nikamwambia ndiyo, natumia, na yeye atumie hesabu, ahesabu watu badala ya miaka. Kaaya aliketi karibu na dirisha. Ilipofika zamu yake alisimama akasema maneno machache tu, kwamba kipimo hiki tulikikataa kwa wageni na tukakitumia kwa ndugu zetu, na kwamba yeye ndiye aliyekisaini. Kikao kile hakikuamua, wala kilichofuata. Lakini hatimaye walikubali kugawa kwa idadi ya watu, na waliovuka Ruvuma wakahesabiwa.

Kaaya hakuongoza tena kitengo. Walimhamishia mahali pa kumalizia muda, na hakulalamika. Nyinyi mnaopenda kuuliza nani alikuwa mbaya katika hadithi hii, sina wa kuwapa. Nina kipimo tu. Kilitungwa na watu wenye akili, kikapita mikononi mwa watu wema, nasi tukakipa meli.

Mgao mpya wa mkoa ulipofika kwa mara ya kwanza, nilichukua pakiti za sukari kwa fedha yangu, nikapanda lori lililokuwa linakwenda Nanyamba kuchukua korosho. Nilimkuta Bi Somoe shambani, anapalilia chini ya mikorosho, mwanawe yuko safu ya pili. Alinikaribisha kwenye mkeka. Nilimweleza yote, safari ya Dar, maneno niliyosema, jinsi kipimo kilivyobadilika. Nadhani nilisimulia kwa urefu kidogo. Nadhani nilitaka kitu.

Alipokea zile pakiti, akaziweka kivulini zisipate jua. Akaketi.

"Umefanya vizuri, Bwana Sukari," alisema. "Ila usinitazame hivyo. Siwezi kukushukuru kwa kurudishiwa kilichokuwa changu."

Kisha akamwita mwanawe aje anisalimie. Msichana alikuja, akanipa shikamoo, akarudi kwenye safu yake kuendelea na jembe. Lori lilipopiga honi nikaaga.